Meza ya Vita Mjini Wote

Leo nianze na meli.

Septemba 2008, maharamia wa Kisomali waliiteka meli iitwayo MV Faina ikiwa safarini kuja Mombasa. Tumboni mwake mlikuwa na vifaru 33 aina ya T-72 kutoka Ukraine, na silaha nyingine tele. Kwa zaidi ya miezi minne meli hiyo ilielea pwani ya Somalia huku manowari za mataifa makubwa zikiizunguka. Februari 2009 fidia ikalipwa, meli ikaachiliwa, ikatia nanga Kilindini. Msemaji wa serikali wa wakati huo, Alfred Mutua, alishikilia kwamba vifaru ni vya jeshi la Kenya. Wengine walizisoma hati za shehena wakasema mwenye mali yuko Juba, kusini mwa Sudan. Ugomvi huo siuingilii jioni hii. Ninachotaka ukumbuke ni njia tu. Mzigo ukitoka Mombasa kwenda Nairobi, uwe juu ya behewa au juu ya trela, hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud. Yaani hupita Makueni.

Mpwa wangu alikuwa shule ya msingi wakati huo, upande wa Emali, na anaapa aliviona vikipita, vimefunikwa turubai, mitutu ikichungulia. Dada yangu, ambaye ndiye mama yake, anasema wiki hiyo mtoto alikuwa kitandani na malaria. Aliviona au aliviota, kifaru hakijamtoka kichwani. Sasa ana kibanda cha kutengeneza simu mjini Wote, na nyuma ya kibanda, penye mwanga wa dirisha, ana meza ya pili isiyomletea hata shilingi. Kila Jumamosi jioni hunitumia picha huku Kitui: maendeleo ya wiki. Mimi humtajia kasoro nilizoziona, naye hunijibu kwamba watu wa redio wana masikio, macho hawana. Ndivyo tunavyojuliana hali.

Kile anachokiunda ni hicho hicho, T-72. Hakununua sanduku la plastiki lililokatwa tayari. Sanduku kama hilo likifika Nairobi, bei yake hukaribia ya mbuzi. Yeye ana katoni, gundi ya mbao, waya, wembe, ndala zilizochakaa na vizibo vya chupa za maji. Wewe uliyekulia Kitui au Makueni hii hesabu unaijua. Nani hakuwahi kusukuma lori la waya lenye magurudumu ya ndala na tanki la mkebe wa Kimbo? Tofauti ni kwamba huyu hakuacha alipoota ndevu, na kwamba sasa anapima.

Kupima ndiko kunakonifurahisha. T-72 ya kweli ina magurudumu sita makubwa kila upande, na kila moja lina kipenyo cha sentimita 75 hivi. Kizibo cha chupa ya maji kina sentimita tatu. Gawanya, unapata 25. Basi kifaru chote kikawa moja kwa ishirini na tano: mwili wa karibu mita saba ukawa sentimita 28, na upana wa mita tatu na nusu na ushei ukawa sentimita 14 na kidogo. Vizibo 12 ndivyo vilivyoamua ukubwa wa kila kitu, mpaka kimo cha askari atakayesimama pembeni. Nilimwambia hiyo ni njia ya kienyeji. Akanitumia jibu refu kuhusu Wajapani.

Na jibu lilikuwa la haki. Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka ilianza 1946 ikiwa ni biashara ya mbao. Walichonga mifano ya meli na magari kwa mbao mpaka plastiki ikawazidi nguvu sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakatoa kifaru cha Kijerumani, Panther, cha plastiki, na walitaka kitembee chenyewe, kwa hiyo mota na betri ziingie ndani. Mwili ukapimwa uzitoshe betri. Hesabu ikaangukia moja kwa thelathini na tano, na mpaka leo waunda vifaru wa Ulaya, Marekani na Asia hutumia kipimo hicho, ingawa wengi wao hawatii betri yoyote ndani. Huko betri, huku kizibo. Nikanyamaza.

Mtutu ulimtesa zaidi. Kwa kipimo chake, kalamu ya bairo ni fupi. Bua la mtama lilipinda. Mwishowe akavunja antena ya redio mbovu iliyoletwa kibandani na mwenyewe hakurudi kuichukua. Antena ile huingia ndani yenyewe kwa vipande, kila kipande chembamba kuliko mwenzake, na ukiitazama vizuri ndivyo mtutu wenyewe ulivyo. Alibakiza kuviringisha karatasi yenye gundi mahali fulani ili apate ule uvimbe wa kuondolea moshi, maana mzinga wa kifaru ukishapiga, moshi usipotolewa kwa mbele huwarudia waliomo ndani. Mimi kama mtu wa redio nilisikitika kidogo, lakini hiyo antena ilishaacha kazi ya kunasa habari.

Wiki hii ilikuwa ya rangi. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu hudhani kupaka rangi ni kupaka rangi. Kwanza ilipita andakoti, nyeusi, kila pembe. Juu yake kijani cha kijeshi, rangi ya maji ya ukutani aliyoichanganya mwenyewe, tena nyepesi, mara mbili tatu, kwa sababu rangi nzito huziba mistari ya misumari aliyoitoboa kwa sindano usiku kucha. Kisha huja ule ujanja unaonishinda kuuamini hata nikiuona. Anachukua rangi ya kahawia nyeusi, anaitia maji mpaka iwe kama chai ya rangi, anaimwaga juu ya kazi nzuri aliyoimaliza. Ukiangalia unasema ameharibu. Lakini maji yanateremka kwenye mifereji na vishimo, yakikauka yanaacha kivuli humo, na vile vilivyoinuka vinabaki safi. Halafu brashi kavu: anachovya rangi ya mwanga, anaifuta yote kwenye kitambaa mpaka brashi iwe kama haina kitu, kisha anaipitisha juu juu. Kile kidogo kilichosalia kinashika kingo tu. Katoni iliyokuwa ya maziwa inageuka chuma cha tani 40 na zaidi.

Baada ya hapo tukagombana juu ya vumbi. Nilikuwa nimempelekea udongo wa Kitui, mwekundu, kwenye mkebe wa majani. Yeye alikuwa na wa Wote. Aliupepeta kwa kitambaa, akauchanganya na maji na gundi kidogo, akaupaka kwenye minyororo na magurudumu mpaka juu. Kinavutia, sikatai. Waunda vifaru wa ng'ambo wakisema Afrika hupaka njano ya jangwa la Libya, kwa sababu Afrika wanayoijua vitani ni ile ya Rommel, jenerali wa Ujerumani. Sisi tunaotembea Mutomo, Kibwezi na Mwingi tunajua nguo nyeupe hugeuka rangi gani kufikia jioni. Lakini nikamwambia, mpwa wangu, hivi vifaru vya Faina unavyodai uliviona vilipita Makueni vikibebwa. Kifaru kilichobebwa hakichafui miguu. Vumbi liwe juu, kwenye turubai na kwenye paa, si kwenye minyororo.

Akanijibu, "Mjomba, hicho ni cha kucheza vita, si cha kukumbuka reli."

Basi hapo ndipo penyewe, msikilizaji. Kifaru hakitakaa kabatini. Kitaingia mchezoni.

Kuna watu duniani, maelfu kwa maelfu, ambao jioni zao huziweka mezani wakiwa na majeshi madogo, kamba ya kupimia mwendo, dadu za kuamua risasi imepata au imekosa, na kitabu cha kanuni. Maofisa wa Prussia walifunzwa hivyo tangu miaka ya 1820. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells, yule wa hadithi za kubuni za sayansi, alitoa kitabu cha kanuni za vita vya askari wa sanamu mwaka 1913, na alikuwa mtu aliyechukia vita. Alisema ukitaka kujua vita ni upuuzi kiasi gani, vicheze sakafuni. Mwaka uliofuata vikaja vita vya 1914, na havikuchezwa sakafuni.

Na mwaka huo ndio unaofanya michezo hii itufikie sisi. Miongoni mwa mapigano yanayochezwa mezani ni ya Tanga, Novemba 1914. Waingereza walishusha kikosi cha watu wapatao elfu 8 kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Upande wa Wajerumani Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama elfu moja, wengi wao askari Waafrika. Waingereza wakashindwa, wakarudi melini wakiacha bunduki na risasi ambazo adui alizitumia kwa muda mrefu baadaye. Kinachowafurahisha wachezaji ni nyuki. Milio ya bunduki iliwachokoza nyuki wa porini kati ya miti, wakatoka wakashambulia kila mwenye ngozi, na walioumia zaidi ni wale wa India. Wachezaji hutia kanuni yao: dadu ikianguka vibaya, nyuki wanatoka, kikosi kinavunjika.

Mtu wa Birmingham huicheka kanuni hiyo kama kituko. Mtu wa Kitui haicheki. Babu zetu walitundika mizinga ya magogo juu ya migunga na mibuyu tangu zamani, na asali ya Kitui haihitaji niisifie kwa yeyote anayenisikiliza. Tunajua nyuki akichokozwa hana upande. Kwa mchezo huo wa Tanga, mpwa wangu ametengeneza mizinga midogo ya vijiti vilivyotobolewa, kila mmoja hautimizi urefu wa kucha mbili, akaitundika kwenye miti ya waya. Huko ng'ambo nyuki huwekwa kwa kibandiko cha karatasi. Huyu ameweka mzinga, maana yake mchezaji anaweza kuuona na kuuzunguka. Kanuni imebadilika kwa sababu aliyeitunga anajua mzinga hukaa wapi.

Sasa nije kwa mafundi, kwa sababu picha ya mwisho ya wiki hii haikutoka mezani kwake. Ilitoka Makindu.

Ukipita barabara ya Mombasa utakuwa umewaona wachongaji wa Makindu, vivulini, twiga wamepangwa mstari. Wana ushirika wao pale. Asili ya kazi hiyo husimuliwa kuanzia Wamunyu, kwenye barabara ya kutoka Machakos kuja Kitui, na jina linalotajwa ni la Mutisya Munge. Alikuwa mchongaji hata kabla ya vita. Vita vya 1914 vikampeleka Tanganyika, akawakuta wachongaji wa huko wakiuza sanamu kwa wageni, akarudi nyumbani akaanza kuchonga za kuuza. Mchumi Walter Elkan aliiandika habari hiyo mwaka 1958, wakati biashara ilikuwa imeshafika Nairobi, Mombasa, Kampala na hadi London. Lakini mikono ilikuwa tayari tangu zamani. Msweden Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani kabla tu ya vita, aliandika juu ya mikufu ya nyuzi nyembamba za chuma na vigoda vilivyopambwa kwa waya uliogongewa ndani ya mbao. Kazi ya kuinamia kitu kidogo mpaka shingo iume haikuletwa na mgeni.

Na miongoni mwa sanamu za mwanzo zilizouzwa, kabla twiga hawajashika soko, walikuwemo askari. Mtu wa mbao, kofia, bunduki begani. Wenyeji wa Ukambani walijazwa jeshini, King's African Rifles, kwa miaka mingi. Mchongaji hakuhitaji picha. Aliwachonga majirani zake. Vijisanamu hivyo vikanunuliwa na maofisa na mabibi zao, vikaenda kukaa rafuni huko Surrey, Uingereza. Nikiwaza hilo, kinachonikera si kuuza. Kuuza kulisomesha watoto, na huko Makindu bado kunasomesha. Kinachonikera ni kwamba karne nzima tumechonga majeshi madogo ya watu wetu na hakuna hata moja lililobaki nyumbani likachezewa na watoto wetu.

Mpwa wangu alikwenda Makindu kutafuta fundi wa kumchongea watu wa kimo cha sentimita saba. Hesabu ya kizibo inasema hivyo: mtu wa mita moja na robo tatu, gawanya kwa 25. Fundi mmoja akamsikiliza vizuri, akashika kipande cha mbao, akamweleza kwa nini hataki. Si kwamba hawezi. Twiga wa futi tatu na mtu wa inchi tatu hula siku ile ile ya kazi. Tezo huchukua vipande vikubwa upesi. Kazi iko kwenye uso, vidole, mikunjo, na hiyo haipungui mwili ukipungua, tena huongezeka. Halafu mbao. Muhugu na mpingo, zile zinazoshika uso mdogo bila kupasuka, zimekwisha kukatwa mno na sasa ni adimu na ghali; wengi wamehamia mjakaranda, mwarobaini, mwembe mzee usiozaa. Mwarobaini ni mbao nzuri, ila ukiupunguza mpaka unene wa mkono wa sentimita saba, chembe zake hukukatalia. Fundi akataja bei. Ilikuwa ya haki, na mpwa wangu hakuwa nayo.

Wakapatana vingine. Fundi atachonga kumi tu, vichwa na mabega kwa makini, miguu kwa haraka. Kijana atapiga msasa mwenyewe na kupaka rangi. Ndivyo hata vikundi vya Makindu vinavyogawana kazi: huyu wa tezo, huyu wa msasa, huyu wa rangi na kiwi ya viatu ya kuficha weupe wa mbao mpya. Wapakaji wa ng'ambo nao hufanya hivyo hivyo meza moja, kofia zote kwanza, kisha mikanda yote, kisha buti zote, kwa sababu brashi yenye rangi moja mkononi haitakiwi kulala.

Nikamuuliza, kumi hao ni askari wa kikosi gani? Nilitarajia aniambie wa Burma, wale wa Divisheni ya 11 waliopita bonde la Kabaw 1944, maana babu mmoja wa ukoo wetu alikuwako na hadithi zake zilikuwa hazina mwisho.

"Si askari, mjomba. Ni wapagazi."

Hapo nikaweka simu chini kidogo. Mwaka 1916 na 1917 Waingereza waliposonga ndani ya Tanganyika wakimfukuza Lettow-Vorbeck, mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota, magari yakazama matopeni, na chakula cha jeshi kikaenda kwa vichwa vya watu. Mtu mmoja alibeba karibu kilo 25, na sehemu ya mzigo alioubeba aliila yeye mwenyewe njiani. Wakati wa mkupuo mkubwa wa 1917, kazi ya kukusanya watu Kenya ilikuwa chini ya John Ainsworth, ambaye utawala wake aliuanzia Machakos mwaka 1892 na aliwajua wazee wetu kwa majina. Vijana wakachukuliwa Kitui, Machakos, kila mahali. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara, malaria na njaa. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimeitwa kwa kikosi chao. Kwenye sanamu ile ya shaba ya Kenyatta Avenue, Nairobi, wamesimama watu watatu, na mmoja wao hana bunduki. Ndiye huyo.

Katika michezo ya mezani, kila mtu wa sanamu ana pointi. Askari mwenye bunduki ana zake, bunduki ya rashasha ina zake, ofisa ana zaidi. Unajenga jeshi mpaka pointi zitimie. Mpagazi, pale anapokuwepo, mara nyingi ni pambo: unamweka nyuma ili meza ipendeze, pointi sifuri, hakuna anayejisumbua kumpiga.

Mpwa wangu ameanza kuandika kanuni nyingine, kwenye daftari la hesabu za kibanda, upande wa nyuma. Kikosi kinachosonga bila wapagazi hupoteza dadu moja kila zamu. Zamu ya tatu hakipigi tena, kinatafuta chakula. Mpagazi akifa, mzigo unabaki chini, na mchezaji ataamua ampe nani: amvue askari bunduki abebe, au auache. Tatizo alilokutana nalo wiki hii ni la nafasi. Ukiwapa askari idadi ya wapagazi inayokaribia ile ya kweli, meza inajaa watu wasio na silaha, na askari hawana pa kusimama. Nimemshauri aongeze meza. Ameniambia kibanda hakina nafasi, na mwenye nyumba ameshaanza kuuliza juu ya ile ya kwanza.

Kumi hao wa fundi wa Makindu watakuwa tayari mwezi ujao. Kifaru kimebakiza mwanga wa taa za mbele, ambazo anataka zitoke kwenye shanga. Akipata shanga sokoni Wote Jumanne, Jumamosi nitakuwa na picha ya kukueleza. Ugomvi wa vumbi kwenye minyororo bado haujaisha, na nyinyi mnaokaa kando ya reli mliokuwa na macho Februari 2009, kama mliviona, tuambieni vilipita kwa reli au kwa trela.

Usiku mwema.